Mwalimu Hezroni Anaeli na Neno Alilolinena Same

Bwana Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu wenzake, ndugu na majirani mliopanda kutoka Same na mlioshuka kutoka Chome, familia ya Mzee Anaeli inawasalimu katika jina la Bwana, nayo inawaomba mkae mtulie, kwa maana historia hii ni ndefu kuliko ilivyo desturi, na marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe ndefu.

Mwalimu Hezroni alizaliwa hapa Vudee tarehe 4 Mei 1909, siku za Wadachi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Anaeli na mkewe Ruthi, akabatizwa mwaka uleule. Baba yake alilima migomba na kahawa, tena alikuwa msimamizi wa ndiva ya ukoo, lile bwawa la udongo ambamo maji ya kijito hufungwa jioni yakalala, na asubuhi hufunguliwa yakashuka mferejini shamba kwa shamba, na tangu utoto wake marehemu alitumwa alfajiri kwenda kuifungua, akaijua ndiva kama ajuavyo kiganja chake. Mnaombwa mlikumbuke jambo hilo, kwa kuwa litarudi.

Alianza shule hapahapa Vudee mwaka 1917, vita vikiwa bado havijatulia, akamaliza masomo ya mlimani mwaka 1922, kisha akaendelea katika shule ya kati, na kuanzia mwaka 1926 hadi 1928 alisomea ualimu katika chuo cha misheni, ambako walimu wake walimsifu kwa mwandiko mzuri na kwa sauti ya kusoma Neno, ila walimwonya kwamba hupenda mno kusikilizwa. Januari 1929 alianza kufundisha Vudee, na tarehe 9 Julai 1932 alifunga ndoa takatifu na Rogathe, mjane tuliye naye hapa leo, wakajaliwa watoto watatu, Melkizedeki aliyezaliwa mwaka 1933, Lea mwaka 1936, na Ruthi, aliyepewa jina la bibi yake, mwaka 1941.

Mwaka 1935 alihamishiwa Same, chini kwenye reli, na huko ndiko walimu na makarani walikoanzisha, mwaka 1937, chama cha kuzoeza Kiingereza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amejifunza lugha hiyo vitabuni na hakuna aliyeizoea kinywani. Walikutana Jumamosi saa tisa alasiri katika chumba cha darasa, wakajadili mambo ya kila siku ya watu wetu, kama pombe ya dengelua na ugomvi wa nyumbani, wingi wa ng'ombe za mahari, na vijana wanaokimbilia mashamba ya mkonge wakasahau wazazi, na aliyeteleza akasema neno la Kiswahili alisimamishwa pembeni ameshika sikio hadi mwingine ateleze. Karani wa stesheni, Bwana Kassimu, mtu wa Tanga mwenye mzaha mwingi, alikuwa akisema kwamba Kiingereza chake kimepakiwa katika behewa la mizigo, kinachelewa lakini kinafika. Basi ilikuwa kanuni ya chama hicho kwamba mtu hachagui upande wa kuutetea, bali huokota kikaratasi ndani ya kofia, akikuta kimeandikwa kukubali atakubali, akikuta kupinga atapinga, hata kama moyo wake uko ng'ambo, kwa sababu kilichotafutwa pale kilikuwa ni lugha, wala si ukweli.

Tarehe 15 Oktoba 1938 jambo lililojadiliwa lilikuwa kama yafaa wasichana wasome kupita darasa la nne, na marehemu aliokota kikaratasi cha kupinga. Moyo wake haukuwa huko hata kidogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha kusoma dada yake mdogo Raheli, jikoni, kabla hajafikia umri wa shule, na yeye ndiye aliyemwombea nafasi katika shule ya bweni ya wasichana kuanzia Januari iliyofuata, akakubaliwa, na fundi seremala alikwisha kutengeneza sanduku la mbao lenye jina la Raheli lililochomwa kwa chuma cha moto. Siku ileile Mzee Anaeli aliteremka Same pamoja na wazee wawili kununua kufuli la sanduku hilo, na walipomaliza, jua likiwa bado kali, waliingia kwenye benchi la nyuma la darasa lile wapumzike kivulini na kumsikiliza mwana wao aliyekuwa msomi.

Marehemu alisimama akanena, na wote waliokuwapo wakasema baadaye kwamba siku ile alinena kuliko siku zote. Alisema nyumba ni kama ndiva, na binti ni maji yake, na baba anayeyafungulia maji yake yakamwagike katika mashamba ya wageni atakuta jioni migomba yake imenyauka, na mama mzee hana wa kumtekea. Alipokuwa akisema hayo alijua kuwa si kweli, kwa kuwa hakuna mtu wa mlimani asiyejua kwamba ndiva hufungwa ili ifunguliwe, na kwamba maji yasiyofunguliwa huoza au hubomoa ukingo, lakini makarani wa pwani hawakulijua hilo, wala msimamizi wa shule aliyekuja kusikiliza hakulijua, na neno lilikuwa tamu ulimini, akalimaliza. Walimpigia makofi, na msimamizi akamshika mkono.

Huko nyuma Mzee Anaeli, ambaye hakujua Kiingereza, alimwuliza Bwana Kassimu mwanawe amesema nini hata akapigiwa makofi hivyo, naye Kassimu akamfasiria kwa uaminifu, ndiva na migomba na mama mzee, wala hakuacha kitu, isipokuwa habari ya kofia na vikaratasi, ambayo hakuona namna ya kuwaeleza wazee. Maana kwetu sisi mtu akisimama mbele za wazee akanena, neno ni lake, atalala nalo na kuamka nalo, na hajapata kuonekana barazani mtu mzima aliyesimama kutetea asichokiamini ili kunyoosha ulimi.

Walipokuwa wakipanda mlima pamoja jioni ile, Mzee Anaeli alisimama penye kona ya kwanza, akamwambia mwanawe mbele ya wale wazee wawili, "Mwanangu, leo umenitua mzigo. Mimi nilikuwa nampeleka Raheli kwa ajili yenu ninyi wasomi, nikidhani ndivyo mtakavyo, lakini moyo ulikuwa unakataa. Kumbe na wewe waona nionavyo." Wale wazee wakaitikia kwamba mtoto amesoma na bado amebaki mtoto wa nyumbani. Marehemu hakuwasahihisha, akaendelea kupanda nao. Kusema kwamba hakumaanisha ilikuwa ni kumwonyesha baba yake, mbele ya wenzake, kwamba amesifu uongo, na kujionyesha mwenyewe kuwa mtu anayepigiwa makofi kwa uongo, akaona ni heri angoje wawe wawili, amweleze polepole. Kesho yake, baada ya ibada, Mzee Anaeli aliwatangazia watu uwanjani pa kanisa kwamba Raheli haendi tena, akawasimulia habari ya ndiva kama alivyoipokea, na wababa wengine waliokuwa wakisitasita wakawarudisha binti zao nyumbani wiki ileile. Raheli, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, hakulia mbele ya watu. Sanduku na kufuli lake jipya alipewa marehemu, atie vitabu vyake.

Januari 1939, kwa neno la yule msimamizi wa shule, marehemu alipandishwa cheo, akawa mkaguzi msaidizi wa shule za vijiji vya Upare wa kusini, kazi aliyoifanya kwa miguu kwa miaka kumi na saba, mvua na jua, na wengi wenu mlijifunza kuandika kwa sababu alipita akauliza mbona hakuna chaki. Lakini katika kila shule, alipokuta madarasa ya juu hayana wasichana, akawaendea wababa kuwasihi, walimjibu kwa heshima na kicheko, "Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyetufundisha habari ya maji ya ndiva?" Alikuta neno lake limemtangulia Chome na kila kijiji alichofika, limekwisha kutafsiriwa kwa Chasu, lugha yetu ya mlimani, na limekuwa zuri kuliko alivyolisema yeye, naye akaandika ukaguzi wake, akaondoka. Alimkumbuka mara nyingi yule jemadari wa Israeli aliyefumbua kinywa chake kwa haraka akampoteza binti yake, akasema kwamba yule walau alikuwa anaapa kwa Mungu, lakini yeye alikuwa anatafuta makofi.

Binti zake mwenyewe, Lea na Ruthi, aliwapeleka shule ya bweni, na majirani wakanung'unika, si bila haki, kwamba amefunga lango la wenziwe akawapitisha wake juu ya ukuta. Raheli aliolewa mwaka 1942 na Bwana Eliamini wa hapahapa Vudee, akazaa, akalima, na kila alipokutana na kaka yake alimwamkia, kisha akamwuliza kwa uso mkunjufu, "Kaka, Kiingereza hakijambo?" naye marehemu alijibu kwamba hakijambo, wakacheka wote wawili, na kicheko chake yeye kiliishia menoni. Chama cha Same alikwisha kukiacha, na nje ya darasa hakusikika tena akisema lugha ile. Mzee Anaeli alipougua ugonjwa uliomchukua mwaka 1947, marehemu alikaa kitandani pake akiwa ameazimia kumweleza, lakini mzee alimtangulia kunena, akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa shauri jema alilompa habari ya Raheli, na baraka ile aliipokea akiwa ameinamisha uso, na ilimlemea hadi kufa kwake.

Mwezi Juni 1956 alianza kuumwa kifua, akatibiwa katika zahanati ya Same, kisha akalazwa hospitalini, na Januari mwaka huu 1957 madaktari wakamruhusu kurudi nyumbani, wakiwa wamemweleza mkewe ukweli. Raheli alikuja kila siku na uji, na alasiri moja ya Februari, Rogathe akiwapo, marehemu alimwambia dada yake habari yote, kofia, kikaratasi, na ukimya wake katika kona ya kwanza ya mlima. Raheli alichochea moto, kisha akauliza, "Kwa hiyo hukuyaamini?" Akajibiwa kwamba hakuyaamini hata siku moja. Raheli akasema, "Afadhali ungaliyaamini, kaka. Miaka yote hii nilijua nimeshindwa na neno la moyoni mwa mtu. Kumbe nilishindwa na mazoezi."

Marehemu aliomba msamaha, na tunayaandika maneno aliyojibiwa kama Rogathe alivyoyasikia, kwa ruhusa ya mwenyewe aliyeyasema. "Yangu mimi nakuachia, na sitakuuliza tena habari ya Kiingereza. Lakini hukuyasema mbele yangu, yalisikiwa na wazee. Uyafute mbele ya wazee, maana Lydia wangu yuko darasa la nne mwaka huu, na baba yake anaikumbuka ndiva yako neno kwa neno."

Ndipo marehemu akaomba wazee wote wa Vudee, na wale wa vijiji alivyovikagua, waitwe hapa nyumbani Jumamosi tarehe 16 Machi, awaambie kwa kinywa chake mwenyewe, na taarifa zikapelekwa. Pumzi ilizidi kumpungukia, na Jumatano tarehe 13 Machi 1957, jua lilipokuwa linachomoza na watu wanakwenda kufungua maji, Bwana alimwita, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba na miezi kumi. Mlioitwa kwa jambo moja mmekuja kwa mawili, na leo ndiyo Jumamosi yenyewe.

Aliagiza kwamba kama hatafika siku hii, neno lake lisomwe mbele ya jeneza, nalo ni hili. Kwamba aliyoyanena Same tarehe 15 Oktoba 1938 hayakuwa yake. Kwamba alijua kuwa ndiva hufungwa jioni ili ifunguliwe asubuhi, naye alisema nusu ya kwanza akaficha ya pili kwa kupenda kusifiwa. Kwamba baba yake hakukosea kumwamini mwanawe, ila mwana alikosea kuaminiwa akanyamaza. Kwamba anamwomba radhi Raheli, na kila binti aliyerudishwa nyumbani kwa neno lile, na wale walio mama leo wamekaa hapa na watoto mapajani. Na sanduku mnaloliona karibu na jeneza ni lile lile, vitabu vimekwisha kutolewa, jina liko palepale, na kufuli ni lile alilolinunua Mzee Anaeli, ambalo marehemu hakupata kulifunga hata mara moja, na ufunguo wake amepewa Lydia binti Eliamini, mbele ya baba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, Mchungaji aliyempa Meza ya Bwana kitandani, walimu wenzake waliomfanyia kazi yake alipougua, na wanyapara wa mifereji mliosimamisha zamu za maji ili watu wapate kuja. Inamshukuru Bwana Kassimu, aliyesafiri kwa treni kutoka Tanga na kupanda mlima kwa miguu katika umri wake, na inamwambia mbele ya wote kwamba hakuna anayemlaumu kwa aliyoyafasiri wala kwa aliyoyaacha. Na zaidi ya wote inawashukuru ninyi majirani, kwa agizo la marehemu mwenyewe, kwa kuwa mlimwamini. Mliliamini neno lake la kwanza kwa miaka kumi na minane, bila yeye kuwaomba; hili la pili anawaomba.

Mwalimu Hezroni, umekwisha kunena, na wazee wamesikia. Pumzika sasa kwa amani.