Korongo wa Ng'ambo ya Sake

Ubao wetu wa kukalia, mtaani Katoyi, umelazwa juu ya mawe mawili ya volkano, mbele ya termosi ya kahawa ya Mama Ramla, na ukishaketi hapo unaruhusiwa kujua kila kitu. Asubuhi ile shida ilikuwa ya Donat, tunayemwita Direkta kwa sababu kweli anaongoza shule, vyumba vinne vya mbao. Alikuwa amewaahidi watoto wa darasa la sita kwamba Jumamosi atawapeleka penye majimaji kuona korongo, kabla Aprili haijaisha na ndege hao hawajarudi Ulaya. Madaftari ya kuchorea yalikuwa tayari. Mahali ndipo palipokosekana.

— Peleka batoto Kituku, alisema Aboubacar, dereva, jina la kijiweni Mazout. Ziwa iko pale pale.

— Papa Mazout, Kituku ni soko ya samaki sambaza na makelele, alisema Direkta. Korongo gani atatua ku kichwa ya muuza samaki?

— Mwenye njaa! Banakuya na saison yao ya baridi, banakula, banaruka kurudi Ulaya. Sawa na ba-ONG, bale ba misaada.

— ONG inaachaka hata bâche ya kufunika nyumba, alisema Benny.

Huyu ni Radar. Husikiliza redio tatu kwa pamoja na kuziamini zote.

— Direkta, enda mu majimaji ya ng'ambo ya Sake. Tangu vita, hakuna mutu analima mule. Majani imepita kichwa. Korongo ni maelfu! Na zimekuwa ndefu, moja inakuangalia macho kwa macho kama polisi wa barabara.

— Inaomba na papier, kitambulisho? aliuliza Mazout.

— Zenyewe ndizo ziko na papier! Ku mguu kuko pete, ku pete kuko namba. Unafikiri ni ya ndoa? Zinapima madini yetu toka juu.

— Ndiyo maana ukipita kambi ya Katindo na jumele ya kuonea mbali, ba-soldat banauliza unachunguza nini, alisema Mazout. Direkta, jumele ibaki nyumba. Mutaka cha mvunguni anainama. Mutaka cha angani, alale chali.

— Na haba na haba hujaza kibaba, aliongeza Radar.

Hatukujua kinajazwa nini, lakini tuliitikia.

Direkta aliandika "Sake" kwenye karatasi, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Kaswera, mama wa mmoja wa watoto hao, alikuwa amesimama nyuma yetu na beseni lake la viazi.

— Direkta, mutoto wangu analala na ile daftari. Ile fasi, nani ameikanyaga mwaka huu?

Radar alimtazama Mazout. Mazout alitazama kahawa yake. Sote tulijua ni nini vita huacha chini ya majani: mabomu yanayongoja mguu.

— Korongo zinatua mule bila shida, mama, alisema Radar.

— Korongo ni nyepesi. Miye nauliza: Jumamosi, nani atatembea mbele ya batoto?

Direkta aliikunja ile karatasi ya Sake, akaikunja tena, mpaka ikakataa kukunjika.