Mama Mashimo na Shamba la Shemeji Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mkulima wa ekari mbili tu, aliyezikwa Jumanne. Majirani walimwita Mama Mashimo. Narudia, Mama Mashimo.

Jina lilianza kama utani. Bwana shamba aliwafundisha wanakijiji kilimo kipya: usilime shamba zima, chimba mashimo, tia samadi, panda mahindi humo ili maji ya mvua yatuame. Watu walisikiliza, wakapiga makofi, wakaenda zao. Nani achezee chakula cha watoto wake? Yeye peke yake alichimba. Wapita njia wakamtania, "Mama, unamzika nani?"

"Naizika njaa," akajibu, akicheka.

Mwaka ule mvua iligoma. Mahindi ya wenzake yalikauka yakiwa ya magotini. Yake yalibeba.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaja na jembe begani. Binti wa marehemu alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Anayakumbuka maneno yao.

"Shemeji, nichimbe kipande au shamba lote?"

"Lote! Unangoja nini?"

Akachimba lote. Nasema tena, lote.

Msimu uliofuata mvua haikukatika. Shamba la shemeji liko bondeni, udongo wake ni wa mfinyanzi. Mashimo yakajaa maji, mahindi yakageuka manjano, mizizi ikaoza. Hakuvuna hata debe. Mkewe akarudi kwao na watoto. Yeye akaenda kutafuta vibarua, akaaga kwa kupunga mkono tu kutoka barabarani. Hakumlaumu mtu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, hajarudi.

"Afadhali angenitukana," Mama alimwambia binti yake.

Tangu hapo hakumwambia mtu tena "fanya". Ukimuuliza habari za mbegu mpya, anakuuliza yeye: "Chakula cha nyumbani kwako kinatoka kipande kipi? Hicho usikiguse. Jaribu mistari mitatu pembeni, misimu miwili." Kisha anakuja kwako, anauchota udongo wako, anaufinya kiganjani. Wengi walibadilika hivyo, polepole, mistari mitatu mitatu.

Na shamba la shemeji alilipalilia kila msimu. Binti anasimulia: "Tuko kule mchana kweupe, mara anasimama. Ananiuliza, 'Unasikia jembe?' Namwambia sisikii kitu, Mama. Halafu anasogea pembeni kidogo, kama anampisha mtu."

Mwezi uliopita, Mama akiwa tayari mgonjwa kitandani, bwana shamba mpya alimwomba awaeleze wakulima faida za mashimo. Akakubali. "Lakini na ule mwaka wa mvua nitausema," akasema. Mauti yakamuwahi. Basi tumeusema sisi.

Poleni sana binti, wajukuu na majirani wote. Mungu awape nguvu. Nawe unayenisikiliza, jiulize: mara ya mwisho jirani alipokuomba ushauri, ulimjibu ukiufikiria udongo wake, au wako?

Na wewe, shemeji. Kama uko hai na redio inakufikia huko uliko, shamba lako lipo. Limepaliliwa. Mama alimwachia binti yake maneno machache ya kukupa: "Akija, mwambie nilikosea mimi. Yeye aliniamini tu."