Shingo Uchi

Meli ya Kendu Bay ilikuwa imeiacha gati ya Kisumu nyuma wakati mchuuzi wa dagaa wa omena aliyeketi kando ya Shitanda alipochungulia kikapu cha jirani yake huyo, akaguna.

“Bwana, huyu jogoo ulianza kumnyonyoa ukachoka?”

“Ndivyo alivyoanguliwa, Mama. Kwetu Kakamega shingo uchi ni kuku wa heshima. Joto halimsumbui, na ugonjwa ukimaliza wenzake, yeye hubaki.”

“Hata ugonjwa una macho. Unampeleka kwa nani?”

Shitanda alijibu kwa sauti ya chini kwamba mkewe, Lornah, alikuwa amerudi kwao, naye alikuwa akienda kumwomba arudi. Jogoo alikuwa zawadi kwa mama mkwe, muuza vyungu pale gatini Kendu.

Mama yule alicheka mpaka akashika mbavu. “Kwa hiyo utasimama mbele ya mama mkwe, umwambie umemletea kitu kilicho uchi? Kwetu Wajaluo hata kula mbele yake hukubaliwi.”

“Ni jina tu, Mama. Hawa kuku weupe wa kizungu hata kuatamia mayai hawajui.”

“Lakini wamevaa.”

Meli ilipotia nanga, Shitanda alimwona mama mkwe kati ya vyungu vyake. Akafungua tai yake taratibu, akamfunga jogoo shingoni, akakaza fundo, akateremka akiwa na kola wazi.

“Sasa,” mama yule alisema nyuma yake, “huyo kuku ndiye mkwe.”