Mama Tshilombo na Kipande cha Kioo Alichokataa Kukiosha

Mama Tshilombo Marceline anastaafu tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kituo chetu cha afya hapa Manika. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Darubini yake haitumii umeme, hunasa mwanga wa jua. Asubuhi aliketi kwenye dirisha la mashariki, alasiri akahamia la magharibi na kiti chake mkononi. Mwanafunzi aliyemwaga mezani rangi ya kupaka damu ya kupimwa aliadhibiwa kufua mapazia ya madirisha yote mawili. Mimi, nilipokuwa mwanafunzi wake, niliyafua mara nne.

Vipimo vya haraka vilipokuja, tulimwona amepitwa na wakati. Tone la damu, dakika chache, kazi imekwisha. Yeye alirudia kwamba vipimo tulivyoletewa vinatambua aina moja tu ya malaria, na kwamba ile nyingine, vivax, ameiona kwa macho yake. Mganga mkuu wa wakati ule alimjibu mbele ya watu: "Mama, ile haiko malaria ya huku kwetu." Akacheka, nasi tukacheka.

Februari 2019 aliletwa Glodie, mtoto wa miaka mitatu, viganja vimepauka. Ilikuwa homa yake ya tatu katika miezi minne, na kila mara kipimo kilisema hana malaria. Siku hiyo mvua ilinyesha kutwa. Mama Tshilombo alichukua damu na kuomba mtoto alazwe mpaka jua litoke aweze kuisoma. Mimi, muuguzi wa zamu, niliamini kipimo, nikampa mama mtu dawa ya homa na kumruhusu. Daftarini niliandika: Glodie, Kasulo. Basi.

Asubuhi yake jua lilitoka, na kwenye darubini vivax ilikuwa pale. Mama Tshilombo alipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, akiwa bado na koti lake la maabara. Kasulo ni mtaa ambako watu wamechimba kobalti chini ya vyumba vyao na wengi wamehama. Jina moja halikufikishi popote. Alibisha hodi siku mbili. Alipompata, mtoto alikuwa anahema kwa taabu, damu imemwishia. Glodie alifariki hospitalini akisubiri kuongezewa damu.

Kwetu vipande vya kioo vya kupakia damu huoshwa na kutumika tena, kwa kuwa havitoshi. Kile chenye damu ya Glodie alikataa kukiosha. Hakunigombeza. Aliniita dirishani: "Modeste, kuya uangalie, ujue sura yake." Nilitazama. Naona haya hadi leo.

Tangu hapo alitugundulia watoto kumi na wanne wenye vivax, wote wakapona. Hakuna barua ya pongezi iliyofika.

Kamati imemnunulia kitenge na saa ya ukutani. Yeye aliomba jambo moja tu, mtu wa kuketi dirishani na darubini baada yake. Wakubwa wametujibu kwamba vipimo vya haraka vinatosha. Nimeomba niketi mimi kila siku kabla ya zamu zangu za uuguzi, bado sijajibiwa, lakini Jumatatu nitaketi.

Jana alinikabidhi kile kipande, amekifunga kwa karatasi na kuandika juu yake: Glodie Mbombo, miaka mitatu, mtoto wa Mama Shida, Kasulo, nyumba ya pili baada ya pampu, lango la bluu.

Asante, Mama. Tunakuombea afya na miaka mingi ya kupumzika. Daftarini sasa naandika mpaka rangi ya lango.