Historia ya Marehemu Sidi Kombe, Ambaye Hakuugua

Waombolezaji wapendwa, mtusamehe kwa kuwaketisha juani, hema lililokuwa hapa jana lililetwa na mwenye nyumba wa marehemu, nasi leo alfajiri tumelirudisha, na sababu mtaisikia. Mimi ni Lewis Kombe, kaka mkubwa wa marehemu, na ninasoma kwa niaba ya familia.

Dada yetu Sidi alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 hapa Rabai, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kombe Kazungu na mama yetu, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1996 hadi 2003, akamaliza sekondari huko Kaloleni mwaka 2007, kisha akachukua stashahada ya uchukuzi mjini Mombasa, akahitimu Novemba 2010.

Tarehe 3 Januari 2011 aliajiriwa na kampuni ya malori huko Shimanzi, akawa karani wa lango kwa miaka kumi na minne, na wenzake walioko hapa ni mashahidi kwamba lori lenye taa ya breki iliyokufa halikupita mbele yake, hata dereva apige magoti.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Arnold tarehe 12 Desemba 2015, wakajaliwa binti mmoja, Kadzo, tarehe 9 Mei 2018, na Februari 2022 wakahamia ghorofa ya tatu ya jengo moja huko Mbaraki, mjini Mombasa.

Hapa ndipo historia kama hii husema kwamba marehemu aliugua. Juzi Bwana Nicodemus, wakala wa mwenye nyumba, alikuja na lile hema na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akatuomba tusome kwamba Sidi alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Karatasi hiyo nimeichana, maana Sidi hakuugua, hata mafua hakuwa nayo, na kinyaa kilichonishika siku ile hakijaniachia hadi sasa.

Bafuni mwao mlikuwa na hita ya umeme iliyotengenezwa kwa maji matamu, ikafungwa kwenye maji ya kisima, yenye chumvi, na chumvi ikaila ndani mpaka umeme ukaanza kuvuja kwenye maji. Waya wa kijani na njano, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme uliovuja ardhini, fundi wa Bwana Nicodemus aliukunja ukutani na kuuzungushia selotepu, na ile swichi ya kukata umeme unapovuja haikuwekwa kabisa. Sidi alimlalamikia Bwana Nicodemus mara tatu, na mara zote jibu lilikuwa moja, "Huo umeme watekenya tu, vaeni malapa." Na kweli jengo zima lilivaa, kila mlango wa bafu na malapa yake ya mpira, wageni wakielekezwa malapa kabla ya sabuni, hata ikawa ni desturi ya nyumba na jambo la kuchekea.

Nami nasema hili mbele ya mama, malapa ya Sidi niliyanunua mimi. Aliniambia bomba linampiga, nikacheka, nikamletea jozi nene kutoka Ndia Kuu, nikajiona kaka mwema. Najichukia kwa hilo.

Jumatano tarehe 23 Julai 2025, mama alikuwa Mbaraki kwa ajili ya kliniki ya macho, kulikuwa na baridi ya kusi, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi Sidi aliingia bafuni kumfungulia maji ya moto. Malapa alimwachia mama mlangoni, mama asije akadhurika, yeye akaingia miguu mitupu, akashika bomba la chuma. Hakutoka tena akiwa hai. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Tunamshukuru jirani Bi Mwanaesha, aliyekimbilia kuzima swichi kuu huku akimzuia mama asimguse mwanawe, tunawashukuru wenzake wa Shimanzi waliombeba, na zaidi tunamshukuru daktari, aliyeombwa aandike kuwa ni moyo, akaandika umeme.

Bwana Nicodemus hatumshukuru. Hita ile bado ipo, na jana nilipokwenda kuchukua nguo za Kadzo nilipita milango saba ya bafu, na kila mlango ulikuwa na malapa yake. Ninyi mliotoka jengo lile, nitazameni niwaambie, msirudi kuoga kwa malapa, zimeni hita zote, na Jumatatu twendeni pamoja kuandikisha mashtaka, jina la kwanza litakuwa langu.

Sidi, mdogo wangu, ulimwachia mama malapa, mama yuko hapa. Pumzika wewe kwa amani, sisi hatupumziki mpaka ile hita ing'olewe ukutani.