Nyu Wevu ya Maduhu

Kijiwe chetu kiko Bariadi mjini, ubavuni mwa duka la ushirika lililofungwa, na mimi sioni haya kusema kwamba tangu lifungwe kijiwe kimenoga. Zamani tulikaa pale tukisubiri sukari. Siku hizi sukari imejaa kila duka, pesa ndiyo haionekani, basi tunasubiriana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye birika ni Januarius, Mkatoliki wa Sola, kahawa yake chungu kuliko talaka, na yeye talaka haijui. Wa kudumu tuko wanne. Kuna Luhaga, aliyepunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba, na kwa kuwa hamalizi sentensi bila kulitaja jambo hilo tunamwita Redandansi. Kuna Mashimba, Bwana Shamba, ambaye hajawahi kuwa bwana shamba hata siku moja. Alinunua shati la kaki kwenye mitumba, watu wakaanza kumuuliza habari za viwavi, naye akawa anajibu. Kuna mimi, ambaye kazi yangu ni kuwasikiliza. Na kuna Maduhu, Mzee Santuri, mwenye santuri za dansi kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Lamadi, na gramafoni ya betri isiyo na sindano.

Asubuhi hiyo Maduhu alikuja na santuri moja, kaivingirisha kwenye khanga ya mkewe Martha. Sote tulijua inakwenda wapi. Kwenye basi la Mwanza alikuwa anakuja kijana mmoja, Thomasi, mwenye duka la kurekodi kanda, naye mgonjwa wa santuri kama Maduhu mwenyewe. Thomasi alikuwa na sindano. Santuri zetu za dansi hakuziulizia; aliitaka hii moja tu, ya Wazungu, aliyosimuliwa na dereva wa lori la pamba. Maduhu angetoa moja, apate sindano, na zile nyingine zote ziamke.

— Mwangaluka, akatuamkia Maduhu. Kahawa mbali na hii.

— Tuione basi kabla haijatuaga, nikasema.

Akaifungua khanga. Kwenye jalada kulikuwa na vijana watano wa Kizungu wamesimama ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji hata tone. Mmoja amelala chali na tai yake. Mwingine amepaka midomo rangi nyekundu, na ni mwanamume, maana ndevu zilikuwa zinaonekana.

— Hili ni lambo, akaanza Bwana Shamba. Limekauka. Hawa ni wafugaji wa huko kwao, ukame umewafikia.

— Ng'ombe wako wapi?

— Wamekwisha. Ndiyo maana wamenuna. Tazama sakafu ilivyopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Mimi sioni mfugaji hapo, akasema Redandansi. Mtu mwenye tai amelala chini saa za kazi, huyo kapunguzwa. Hata sisi siku ile ya kinu, mhasibu alilala hivyohivyo, chini ya mwembe, na tai yake.

— Na huyu wa midomo?

— Biashara ndogondogo. Kapewa kiinua mgongo, kanunua rangi za midomo, sasa anazionyesha kwa wateja. Haba na haba hujaza kibaba.

Maduhu hakucheka. Alikuwa anaangalia barabara ya Lamadi.

— Hapa pembeni kuna maandishi, nikasema. Soma, Redandansi, wewe ulikaa ofisini.

Redandansi akasogeza jalada mbali na macho, kama afanyavyo siku zote, miwani hana.

— Nyu Wevu. Nyu ni mpya. Wevu ni wimbi. Ni muziki wa wimbi jipya.

— Enhee, akasema Bwana Shamba, akaweka kikombe chini. Mngeniuliza mimi mapema. Wimbi ni ulezi. Wakenya wanauita hivyo. Hii ni mbegu mpya ya ulezi, inastahimili ukame, hawa vijana wamepewa kuitangaza. Lambo limekauka, lakini ulezi unaota. Sasa picha yote imeeleweka.

— Wameupanda wapi huo ulezi?

— Upo ndani ya santuri. Unaimbwa. Serikali za wenzetu zinafundisha kwa nyimbo.

— Ukiona vyaelea ujue kuna wimbi, akasema Januarius huku akimimina, na hakuna aliyemsahihisha kwa sababu vikombe vilikuwa vyake.

Hapo Redandansi akainama karibu na jalada, akashusha sauti. Nikajua sasa tunaingia porini.

— Yaya, hapana. Nyie mmesahau kwenu. Mtu anapaka uso rangi, anasimama kwenye shimo, wenzake wamemzunguka. Huyo ni manju. Ni ngoma ya mashindano, kama Wagika na Wagalu. Na manju haingii uwanjani mikono mitupu, lazima awe na dawa ya kuvuta watu. Dawa hiyo wameikandia humu ndani. Kijana wa watu kutoka Mwanza kote huko, anaisikia tu kwa dereva wa lori, anapanda basi. Anavutwa.

— Muziki wa Wazungu una dawa?

— Unayo. Na dawa ya watu wengine ukiileta nyumbani inadai. Maganga si alirudi nayo hii? Alimaliza mwaka?

Maganga alikuwa mdogo wake Maduhu, tumbo moja. Nilitamani kumpiga Redandansi na birika, na Januarius nadhani angeniazima.

Maduhu akaifunika santuri na ncha ya khanga.

— Maganga aliniletea zawadi, akasema. Aliinunua dukani siku anarudi, kama mtu anavyonunua kitenge njiani. Haina dawa. Haijapigwa hata mara moja.

— Nkoi, rafiki yangu, sikuwa na maana mbaya.

— Najua. Lakini sikilizeni, maana nyie mnabuni tu. Alikaa Bulgaria miaka akisomea mitambo. Aliporudi amekonda, hasemi. Nikimuuliza Bulgaria kukoje, anasema kuna baridi. Nikimuuliza watu wake, anasema kuna baridi. Akanipa hii, akasema, kaka, sindano ikipatikana tutaisikiliza. Wakati ule sindano yangu ilishakatika. Mvua hazijaanza, homa ikamchukua. Mimi sijaitoa kwenye jalada lake tangu siku ile. Vumbi la hapa mnalijua, na santuri haitolewi kama hakuna kuipiga. Sasa nimechoka kuitazama. Ni kama yeye, imefunga mdomo. Nataka nyumba yangu iimbe tena.

Bwana Shamba akamsogezea karanga.

Basi likafika, likamshusha Thomasi mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Januarius akampa kahawa, na kijana akaonyesha sindano hata kabla ya kunywa, imelazwa kwenye kiberiti juu ya pamba. Maduhu aliitazama kama mtu aliyeletewa mjukuu. Kisha Thomasi akafuta viganja kwenye suruali, akaitoa santuri kwenye jalada akiishika kwa ukingo tu, na nikaona Maduhu ameridhika na mikono ile. Akaiinamisha upande upande ikapata jua. Akaigeuza.

— Mzee, si uliniagizia kwa dereva kwamba haijapigwa?

— Haijapigwa.

— Imepigwa. Hebu tazama.

Tukainama wote. Mwanzo niliona weusi tu. Alipoiinamisha zaidi nikaona: santuri yote inang'aa, ila upande wa pili kuna utepe mmoja umepauka kama kisigino kisichopakwa mafuta.

— Huu wimbo wa tatu, akasema Thomasi. Nyingine ziko nzima kabisa, huu umelika. Ona mikwaruzo hapa unapoanzia. Mtu alikuwa anashusha sindano hapa, wimbo ukiisha anainua, anairudisha palepale. Hii si kazi ya wiki, mzee. Ni miaka. Mimi nakusanya zilizo safi, unisamehe, hii siwezi kuichukua.

Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, kama mgeni anavyouliza njia:

— Unasemaje huo wimbo?

Nikamtazama Redandansi. Redandansi akamtazama Bwana Shamba. Bwana Shamba, mtu mwenye jibu la viwavi wa nchi nzima, akajifunga kifungo cha shati.

— Kumbe hakuninunulia, akasema Maduhu taratibu. Alinipa yake.

Akaipokea santuri, akaiinamisha juani mwenyewe.

— Alikuwa anakaa huko peke yake anapiga huu mmoja. Na mimi nikimuuliza habari za Bulgaria.

— Mzee, pole, akasema Thomasi. Akaanza kukifunga kiberiti.

— Ngoja. Wewe dansi unasikiliza?

— Nasikiliza. Zikiwa safi.

— Zangu safi. Nina za Dar, za Morogoro, za Kinshasa, za Nairobi. Zimekaa kwenye sanduku la bati, Martha hazigusi wala mimi sizigusi. Twende nyumbani ukazichukue.

— Nichague ngapi, mzee?

— Zote. Niachie sindano na hii moja.

— Maduhu, akasema Bwana Shamba, nkoi, ulikuwa unatoa moja usikie zote.

— Nilikuwa.

Akaivingirisha tena kwenye khanga, akaondoka, kijana nyuma yake na kiberiti mkononi. Bwana Shamba akanyanyuka kuwafuata, na mimi pia nilishanyanyuka. Redandansi akamshika shati la kaki.

— Kaa, akasema. Huo wimbo si wa kijiwe.

Tukakaa.