Mzee Darubini, Aliyesimama Mbele ya Nyati

Ndugu waombolezaji, familia imenituma nisome haya, na penye upungufu wa kalamu yangu naomba mnivumilie.

Ndugu yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1968 katika nyumba hii hii, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi iliyo ng'ambo ya mto mwaka 1983, na hatufichi mbele za Mungu kwamba baadaye alitega mitego ya waya porini pamoja na rafiki yake, kisha akamwoa dada wa rafiki huyo mwaka 1994, wakawa mashemeji, na Mungu akamjalia wana watatu na binti mmoja.

Mwaka 1997 alimkuta twiga amekatwa na waya wake hadi mfupani, ndama amesimama kando, akaacha kutega, akaajiriwa kuosha vyombo kambi ya watalii, kisha udereva, kisha akaongoza zile ziara ambamo wageni hutembea na askari wa wanyamapori wakiondoa mitego, na ada yao ndiyo mishahara ya askari, na darubini haikumtoka shingoni hata kanisani, mpaka mchungaji akamtania, "Mzee, dhambi zetu zinaonekana hata bila hiyo!"

Shemeji yeye hakuacha, na marehemu alijua, akamgombeza, ila kumshtaki alishindwa, akimwonea haya mkewe, na kosa hilo alilikiri mwenyewe kitandani.

Asubuhi ya tarehe 9 Juni mwaka huu, yeye na wageni sita walimkuta nyati dume amenaswa kwenye waya wa shemeji, damu ikimtoka puani, na waya ukakatika palepale, wageni wakatimua mbio, ndugu yetu akabaki njiani akipiga makofi na kelele ili nyati amfuate yeye, naye akamchoma pembe ya tumbo, akamrusha, akarudi kumkanyaga kifua hadi askari walipompiga nyati risasi, na wageni wote wako hai.

Jioni wanawe walimvamia mjomba wao kwa mapanga na petroli, wakachoma nyumba, wakamvunja mkono, wakamvisha waya shingoni, hata mama yao akafika peku, akapenyeza vidole kati ya waya na shingo ya kaka yake, akasema, "Haya, vuteni! Mkate na vidole vilivyowalisha!" Wakaachia, lakini vidole viwili havikunjiki hadi leo.

Marehemu alipoambiwa kitandani hospitalini alilia, akasema, "Mimi nautoa waya kwa wanyama, ninyi mnamvisha mtu?" akaagiza shemeji awe miongoni mwa wabeba jeneza, akafariki alfajiri ya tarehe 13 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozima moto, askari na wafanyakazi wenzake wa kambini.

Shemeji huyu hapa, mkono kwenye plasta, na mapanga yaliyo nyuma ya turubai tumeyaona, wanetu, na mama yenu amesema jeneza halinyanyuliwi mpaka mmeyakabidhi kwa askari, mkaja kushika upande mmoja na mjomba wenu, nasi tutangoja hata jua lizame.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu, na Mungu atugawie nasi amani hiyo kabla hatujafika kaburini.